Vitenzi Alivyoniachia Seni

Rujewa, Jumanne, 6 Agosti 1974

Kaka Seni,

Msiba umekwisha, imebaki kunyoa tu. Ndugu wa Shinyanga wakifika tutanyolewa wote pamoja, Jumanne ijayo. Na Jumanne hiyohiyo ndiyo usaili wa kozi ya uuguzi Iringa, ule ulioniombea wewe. Nilimwambia baba. Akasema kichwa kwanza, Kiingereza kitangoja.

Sikulia. Nilienda kukamua.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechunga peke yangu. Ng'ombe bado wanaitikia majina uliyowapa, vile vitenzi vya wakati uliopita — Went, Brought, Bought. Leo baba alimfokea mmoja, "Wewe Boti, toka kwenye bustani!" Jirani Maganga akacheka sana: mzee Budeba siku hizi anachunga kwa kizungu! Baba naye alitaka kucheka. Akaacha.

Jioni, nikifagia uani, nilisimulia kwa Kiingereza mambo ya ng'ombe ya kutwa nzima, kama ulivyonizoeza. Walienda, walikunywa, mmoja alipotea, nilimpata. Bado nasema "did went". Hakuna wa kunigonga kwa kijiti begani.

Mama akauliza, unaongea na mfagio? Nikasema naongea na Seni.

Kitu kimoja. Kwa Kiingereza naweza kusema kwamba ulikufa. Mdomo unasema tu. Kwa Kisukuma sijaweza.

Jumatatu, 12 Agosti

Ndugu waliingia jana. Asubuhi mama aliniita nyuma ya zizi. Wembe, maji kwenye bakuli.

"Kaa."

Alininyoa peke yangu, kabla ya watu wote. Jambo hilo kwetu halifanywi! Nikasema, Mayu, na baba je?

"Tulia, nitakukata."

Akanifunga khanga kichwani. Akasema lori la Joachim la mchele linaondoka sasa hivi, nenda.

Lori lilinishusha Igawa, nikapata basi. Naandika Ipogolo, hapa Iringa, kwa Lea, mke wa rafiki yako Didas. Amenipa chai na viazi. Nimekula. Kichwa kinaona baridi.

Jumanne, 13 Agosti

Walikuwa wawili, Sista mzungu na mkufunzi, Bwana Kalinga. Bwana Kalinga alisema nivue khanga kichwani. Sista akauliza kwa Kiingereza kwa nini nimenyoa.

Nikaeleza. Kaka yangu alishikwa na homa. Tulimpakia kwenye lori kumpeleka Mbeya. Aliomba maji. Alikuwa ameshakufa tulipofika. Mama alininyoa. Vitenzi vyote vilikaa mahali pake, hata kile cha "alikuwa ameshakufa" ulichonigombeza nacho mwaka mzima.

Sista alitabasamu. Vizuri sana, hakuna kosa hata moja.

Nikasema asante. Nilitazama viatu vyake. Vya kahawia, vya kamba.

Nimepata nafasi. Ila baba aje mwenyewe kukubali, kabla ya Jumatatu. Asipokuja, anachukuliwa mwingine.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimerudi. Uani vichwa vyote vinang'aa. Nilipiga magoti, khanga mabegani, nikawaamkia. Mjomba Ngolo akasema, "Mzungu wetu huyo!" Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Nikamwambia nimechaguliwa, na yeye anatakiwa Iringa. Alikuwa anatazama kichwa changu.

"Nani kakunyoa?"

Kwa Sista nilijibu mara moja. Hapa ulimi haukunyanyuka. Mama alikuwa anawanawisha wageni. Hakuinua uso. Maji yalimpita mjomba mikononi, yakamwagika chini.

Baba akasema wageni wale chakula kwanza. Atauliza tena.

Naandika jikoni. Mama anakwangua ukoko kwenye sufuria. Nikimtaja, sijui atafanywa nini mbele ya ndugu wote hawa. Nisipomtaja, baba ataona namficha mtu, na basi hapandi. Mama anajua yote mawili. Amenisogezea ukoko nile.

Sahani zinarudi. Baba ananiita.

Unikumbuke, kaka.