Kaseti Iliyorekodiwa Harusi

Mjukuu wangu Salma, hapa Kibenga sote wazima, na bibi yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini kompyuta yangu ya zamani nimeiunganishia kisanduku kinachoigiza kaseti. Kompyuta hiyo husoma tu kazi zilizohifadhiwa kama sauti kwenye kaseti, na kaseti zangu zimechakaa.

Shajara yangu ina siku moja ya bandarini. Boti la Kigoma lilisubiri orodha ya mizigo, na kompyuta ikaikataa kaseti yenye orodha. Nikaiweka redioni, zikatoka nyimbo za harusi. Bibi yako, tuliyefanya naye kazi ofisi moja, akacheka: "We Juma, kaseti si kaseti? Geuza, mi nilirekodi upande mmoja tu."

Alhamdulillahi, nilikuwa nimehifadhi orodha pande zote mbili; nilipoigeuza, kompyuta ikaipokea.

Kisanduku hakiwezi kurekodiwa harusi. Lakini kinatoa sauti ile ile, na kompyuta inapoipokea, bado nashusha pumzi.

Babu yako, Juma