Chemchemi ya Merigi kwa skrini

Nelvine, niko nje ya ukumbi wa mkutano hapa Kericho.

Unakumbuka Okello, yule mtafiti aliyekaa kwetu Merigi mwaka wa tisini na sita? Leo ameonyesha video ya chemchemi yetu, ile aliyochukua wakati huo. Nyanya yangu yuko hapo anamwambia, "Ukikata mti hapa, huchoti maji tena."

Okello anasema nchi nyingi zimejifunza kutunza maji kutoka kwetu. Kwetu, Nelvine! Watu wakapiga makofi.

Na si unajua tulikata miti yote pale, tukapanda miti ya blugamu inayonyonya maji, tuuzie kiwanda cha chai kuni. Maji yalikauka kitambo!

Halafu akasema kwa maiki, "Kesho Rebeccah atanipeleka chemchemini." Mimi! Nikajibu "sawa" kama mjinga.

Amekuja na chupa tupu. Anataka kuyanywa maji yale tena.