Firimbi Yangu Sasa Inaita Batu Ndani ya Shimo

Mama Micheline, wewe mwenye kushauria batu ku radio, leo mi naye naomba unishaurie, na ujue sijazoea kuomba. Naandika na mukono yangu mwenyewe, masomo niliachia mu ya tatu primeri, lakini usinizarau, juu miaka makumi tatu na moja njo mi nilikuwa napasua mabwe mu kampuni ya zamani, na mbele ya baruti kulipuka nilikuwa napiga firimbi mara tatu, ndefu, ndefu, ndefu, na hata bakubwa benye kofia nyeupe balikuwa banakimbia mbio bila kuuliza ni nani amepiga.

Sasa nimezeeka, natumika ku koperative ya bachimbaji ba mikono, njia ya Nzilo. Kazi yangu ni kusimama juu ya shimo na kuangalia ukuta, udongo ukianza kutiririka napiga zile tatu, batu banatoka. Miaka sita hakuna mutu amekufa, na ile njo mi, si mwingine.

Binti yangu Jocelyne ni mwalimu wa informatike. Kuko fasi ku interneti kwenye bachezaji banajitengenezea michezo yabo benyewe, na batu ba dunia yote banaingia kucheza. Jocelyne alitengeneza ya kwake, unaingia mu shimo unachimba malakite, yale mabwe ya kijani ya shaba, na mwenye kutaka lampe ya nguvu ao kofia ya kungaa analipa, na benye ile fasi banamukatia Jocelyne sehemu yake, na ile sehemu njo tunakula. Sauti zenye zilikuja na muchezo zilikuwa za bure, kama kijiko mu kikombe. Akazitoa moja moja, akaweka za kweli: nyundo, maji ya kuoshea mabwe, treni ya Dilolo. Kisha akanikuta, akasema, "Tata, nipatie sauti ya furaha, ya mutu mwenye amepata malakite kubwa."

Mama, kuko firimbi ingine, fupi, ile ya kusema hatari imeisha, murudie kazini. Ilifaa ile. Lakini ni kafirimbi tu, haina nguvu, na mi nilijisemea kama dunia inataka kunisikia, inisikie muzuri. Nikapiga zile tatu, na Jocelyne sikumwambia ni za hatari.

Basi mu muchezo firimbi yangu ikilia, bachezaji bote banakimbilia ndani, sababu malakite iko ndani. Baliipenda sana. Batengenezaji bengine bakalipa baiweke mu michezo yabo. Hata bachimbaji ba kwetu bakaanza kuucheza saa ya kula, na mi nilikuwa napita katikati yabo kifua mbele.

Juma nne iliyopita, nyuma ya mvua, udongo ukatiririka, nikapiga. Zamani balikuwa banatoka banakanyagana. Siku ile balitoka banatembea, banacheka. Gael, baba ya batoto babili, alikuwa amekwisha kufika ku mulango ya shimo, akageuka. "Muzee ametupatia malakite," akasema, akapiga hatua ine kurudia ndani, mikono juu, kuchekesha benzake tu. Ukuta ukaanguka. Tulimufukua na mikono. Iko muzima, lakini muguu umevunjika fasi mbili.

Prezida wa koperative akaniuliza, "Tata, kwa nini alirudia ndani?" Nikajibu alikuwa amelewa. Mama, Gael anaimba mu korali, hanywe hata bia. Bamemufukuza, na hospitali habamulipie.

Nikamwambia Jocelyne atoe firimbi yangu mule.

"Tata, mwezi uliopita nilijaribu kuibadirisha, bachezaji bakalalamika, nusu bakaondoka. Sababu gani unataka niitoe?"

"Sababu mi ni baba yako."

"Ile si sababu, Tata. Ile ni sauti kubwa tu."

Tangu siku ile hatusemeshane. Naye Blanchard, mwenzangu mu kazi, anasema niache firimbi tutundike chuma, tupige na nyundo. Mi, nipige chuma kama mulinzi wa shule mwenye kuita batoto mu darasa?

Shimo lilifungwa tangu ile siku, Juma tatu linafunguliwa tena. Mama, ambia binti yangu ku radio atii baba yake. Jina langu usilitaje.

Mi, Muzee wa Firimbi, Dilala

JIBU

Muzee wa Firimbi, barua yako ilifika juma tano. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili sikucheka.

Pole, Tata. Mutu mwenye kulinda benzake miaka sita bila kifo ana haki ya kutembea kifua mbele, sikunyanganyi ile. Lakini unaniomba nimugombeze Jocelyne, na mi naona wa kugombezwa ni mwingine. Jocelyne hakujua kama ile sauti ni ya kukimbiza batu. Wewe ulijua. Alikuomba furaha, ukamupa hatari, juu ya kusikilika na batu benye habatakuona hata siku moja. Kisha ukamutilia Gael bia mu kinywa, na sasa bibi yake anazunguka kutafuta ya kulipa hospitali, na jirani banamuuliza bwana yake alianza kunywa lini.

Jocelyne alikuuliza swali moja: sababu gani. Mujibu leo, mbele ya kuzima hii radio. Mwambie muguu wa Gael. Jocelyne simujui, lakini mutu mwenye alifuata treni ili apate sauti yake ya kweli hatashindwa kupata ingine, na bale balilipa firimbi yako ataandikia kila mumoja. Bachezaji bakiondoka, baondoke. Bao bakifukiwa banaanza tena. Gael hana mara ya pili.

Na usifikiri ikitoka mu telefone itatoka siku ile ile mu bichwa bya batu. Ku shimo firimbi yako imekufa, Tata, na wewe njo uliipatia dunia. Tundikeni chuma cha Blanchard. Kipigeni mbele ya bote, batoke, bashuke, batoke tena, mpaka miguu ikimbie bila kungojea kichwa. Ukiona haya kupiga chuma, kumbuka muguu wa Gael.

Jina lako sikulitaja. Lakini sikunyamaza. Koperative za njia ya Nzilo zenye ukuta ulianguka juma nne ile hazikuwa nyingi, nilitafuta nikapata. Jana nilimupigia prezida simu, nikamuomba kitu kimoja: kesho mutu asishuke mbele ya muzee wa firimbi kusema. Alikubali. Hakuuliza kwa nini.

Kesho, juma tatu, saa kumi na mbili asubuhi bachimbaji bote batasimama juu ya shimo, nyundo mu mikono, banakungojea. Anza na Gael: sema hakulewa, sema ni nani alisema uongo. Usipofika, nitaenda kusema mi mwenyewe, na mi sitakumbuka kuwaambia ile miaka sita.