Chumba Changu Umempa Sirri

Bolton, Jumapili jioni

Mpendwa Dada Manka,

Pokea salamu zangu, na umfikishie Mama zake kabla hujaendelea kusoma. Natumaini magoti yake yametulia kwa ile dawa ya kuchua niliyomtumia, na kwamba huko Nkwen, Bamenda, mmelala wiki hii bila kusikia risasi. Mimi ni mzima. Baridi imeingia, biashara ya chakula inakwenda, na Jumamosi nilipika mboga ya eru ya harusi hadi kucha zikawa kijani. Watu walikula, wakafungasha na ya kwenda nayo, wakasahau kushukuru, kama ilivyo desturi yao kwangu.

Barua hii nampa Mama Ngum anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini sikupiga simu, wala sikukuandikia kule mtandaoni.

Habari ni za Sirri. Unajua sura yake, ingawa hamjawahi kuonana. Ndiye yule msichana aliyefika hapa miaka miwili iliyopita, baada ya kijiji chao kuchomwa na watu wake wote kuuawa. Anasuka nywele, anaimba kanisani, na akicheka wanaume wanaacha kutafuna. Serikali ilikataa ombi lake la ukimbizi, ikamweka katika kituo cha kuzuilia wahamiaji, ikampa na tarehe ya ndege ya kumrudisha. Chama chetu cha watu wa Bamenda kikawaka moto. Mwenyekiti, Bwana Anye, akafungua ombi mtandaoni, watu watie saini asifukuzwe. Siku ya kwanza zilipatikana saini mia tisa. Wiki ilipoisha zilikuwa elfu kumi na moja na ushee.

Dada, mimi nililala katika kituo hicho hicho. Aliyekuwa mwenyekiti ni Anye huyu huyu, na aliniambia chama hakiingilii mambo ya serikali. Hesabu ya saini nilizokusanyiwa mimi ni sifuri. Siku niliyotoka nilipanda basi peke yangu na mfuko wa nailoni, nikaanza kuosha sufuria za watu mpaka nikapata zangu. Na ile picha ya Sirri iliyozunguka kwenye kila simu, iliyowatoa watu machozi, amevaa toghu nyeusi iliyotariziwa nyekundu. Toghu ile ni yangu. Aliazima.

Basi sikutia saini. Mkutanoni Anye akanitania mbele za watu kwamba mkono wa Lum umeumbwa kukoroga fufu tu, kubonyeza simu unauma. Wakacheka. Nikamwambia wangu haukuuma siku alipokuja kuazima sahani za msiba wa shemeji yake, na mpaka leo sahani sita sijaziona. Hapo wakacheka zaidi, ila Anye hakucheka.

Halafu ikaja siku ambayo mwanasheria wa Sirri, Bi. Farzana, alifika ukumbini uso umekunjamana. Aliuliza lile ombi limeelekezwa kwa nani. Anye akajibu kwa fahari kwamba limeelekezwa kwa dunia nzima. Bi. Farzana akasema dunia nzima haina muhuri. Akatueleza kwamba ombi lazima limtaje mtu mwenye uwezo wa kuamua, na shirika la ndege litakalombeba. Liwe na namba ya kesi na tarehe ya safari, na liseme kitu kimoja tu kinachotakiwa. Tena wanaoishi hapa Bolton wamwandikie mbunge wao wenyewe, kwa maneno yao, kwa sababu barua mia mbili za wapiga kura wake humnyima usingizi kuliko vialama vya moyo elfu kumi kutoka kila pembe.

Hayo yangerekebishika. Lililomkunja uso lilikuwa jingine. Sirri aliapa kwamba hana ndugu, si huku, si huko. Upande wa serikali ukafungua ombi letu, ukachapa yale watu waliyoandika chini ya saini zao, kisha ukauliza: kama binti huyu hana mtu, hawa ndugu arobaini na watatu, mama tisa na waume wawili ni wa nani?

Unajua sisi tulivyo. Muuza ndizi ni mama, kondakta ni kaka, na ukikanyagwa mguu unamwambia dada angalia. Watu waliandika dada yetu, mwanangu, damu yangu, kwa huruma zao, na wale waume wawili ni wahuni tu waliokuwa wakijifurahisha. Lakini kwenye karatasi ya mahakama yote yalisomeka kuwa Sirri ni mwongo.

Na karatasi ya juu kabisa, iliyopigwa mstari, ilikuwa na jina lako. Nilidhani macho yananidanganya. Umeandika: “Dada yangu wa damu, nyumba ya Mama ipo, chumba chako cha dirisha la kuku kinakungoja, Mungu akurudishe salama.” Najua ulimaanisha arudi salama kutoka kizuizini. Serikali ikasoma kwamba ana dada Bamenda, ana mama, na ana kitanda kimeshatandikwa.

Chumba cha dirisha la kuku, Manka. Mimi ndiye niliyeamshwa na jogoo wale tangu nilipokuwa mtoto. Hukuniandikia hata mstari nilipozuiliwa, ukasema baadaye kwamba mtandao ulikuwa mbovu.

Bi. Farzana alitaka shahidi wa kueleza neno hili dada linavyotumika kwetu, na asiwe miongoni mwa walioliandika, kwani hao jaji angesema wanampenda Sirri wanamtetea. Anye akasema kama anatafutwa asiyempenda, yupo mmoja tu, na anapika eru mtaa wa pili. Alidhani ananitukana. Nikasema nitakwenda.

Mahakamani niliulizwa kama Sirri aliwahi kukaa katika chumba kile. Nikasema hajakikanyaga, kwa sababu ni changu. Nikataja nyufa za dari na harufu ya banda mvua ikinyesha. Mwanasheria wa serikali akauliza kama nampenda Sirri. Nikasema hapana, ana toghu yangu. Jaji akainamisha uso, nadhani alikuwa akificha kicheko. Kisha akaniuliza, kama chumba ni changu, basi Manka ni ndugu yangu?

Hapa ndipo nilipotaka ufike, maana Anye alikuwepo na mdomo wake haujui kufungwa. Ni bora usikie kutoka kwangu. Nilisema hapana. Nilisema Manka si ndugu yangu, hatukutoka tumbo moja, mama yake aliniokota mlangoni mama yangu alipofariki, nikauza maandazi yake hadi nikakua, na tunaitana dada kama wanavyoitana watu wote kwetu. Ndicho walichohitaji kusikia. Lakini, Manka, nikarudia mara ya pili: si ndugu yangu kabisa. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Nilirudia kwa ajili yako, kwa ajili ya ule mstari, na ilinipa raha kama kukwangua kipele. Raha hiyo iliishia mlangoni. Nilipofika nje sikukumbuka gari nimeliegesha wapi.

Jaji alisimamisha safari na kuamuru kesi isikilizwe upya. Ili Sirri aachiwe ilitakiwa anwani ya mtu mwenye makazi ya kueleweka. Anye ana wageni, wale ndugu wengine wote nyumba zao ni ndogo. Nimempa chumba changu cha nyuma. Anaimba asubuhi, anamaliza sabuni, na jana alianza kuniita dada. Nikamwambia aniite Lum.

Sasa nakuomba ufute ule mstari. Ombi jipya limeshawekwa. Ukitaka kusaidia, andika kwamba humjui ila umesikia masaibu yake. Na kwenye mtandao wala kwenye simu usimwite mtu dada tena, hata mimi, maana kesi bado haijaisha.

Kwenye barua niite, kama bado unaweza. Sirri nimempa chumba cha huku. Kile cha dirisha la kuku, mwambie Mama asimpe mtu.

Msalimie yeye, majirani, na kuku waliobaki. Nangoja barua yako.

Ni mimi,
Lum