Redio Bado Inapiga

Jumapili, 6 Oktoba

Leo miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la saruji. Hakuna kingine cha kusoma humu chumbani.

Siku ya kufua. Fundi umeme, ninayelala naye chumba kimoja, kawasha spika yake tangu asubuhi. Wimbo ule ule! Kijana anaimba kama kameza filimbi. Nikamwuliza, huyu analia au anaimba? Akasema, "Mzee, huo ndio namba moja sasa hivi." Namba moja ya nini? Maneno yote ya wimbo yanaenea kwenye kiganja: mpenzi, simu, usiku, njoo. Zamani mtu akiimba ulipata habari nzima – nani kaachwa, kaachwa kwa kosa gani, mama mkwe kasema nini. Siku hizi wanakuita tu. Njoo, njoo, njoo. Nikija nifanye nini? Hawasemi.

Lakini bila muziki sipigi lipu, mkono haupaki saruji ukutani. Huo ndio ukweli. Mchanganyiko mmoja wa saruji na mchanga unanipa nyimbo kumi na moja kabla haujaanza kukaza. Wenzangu wanaangalia saa. Mimi mikono imejaa saruji, saa nitaishikaje? Nahesabu nyimbo. Wimbo wa tisa ukiingia, najua niongeze mbio. Sijawahi kutupa ndoo hata moja.

Jioni mama watoto kapiga simu. Redio ya mjini kwetu imetangaza kimbunga kiko baharini, kinakuja. Nikamwambia wanatangaza kila mwaka.

Jumanne, 8 Oktoba

Hasira. Naandika niipunguze.

Mchana, nimekaa juu ya mfuko wa saruji nakula, mama watoto kapiga tena. Anasema kimbunga ni kikubwa, majirani wanahama. Kaka yake anataka kuwachukua yeye na watoto wote watatu wakalale kwake mlimani.

Kaka yake! Huyo shemeji ni mpiga kinanda wa harusini. Ana wimbo mmoja unaopigwa redioni kwetu, na anatembea kama ana mia. Umejaa "njoo" kuliko ule wa fundi umeme. Lakini si wimbo uliotugombanisha. Siku tuliyohamia nyumba mpya alisimama mbele ya wageni, glasi mkononi, akasema, "Shem, hongera, ila umejenga ndani ya sufuria." Kisa kiwanja kiko bondeni, kando ya mto. Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka kidogo, nilimwona. Tangu siku hiyo, miaka miwili, sijamsalimu.

Nikamwambia mke wangu: nyumba ile ina nguzo nane za zege. Kila tofali nimelipanga mwenyewe. Haiendi popote. Watoto wangu hawalali kwa mpiga kinanda.

Akajibu: "Sawa, baba watoto. Mwenye nyumba ni wewe."

Hiyo "sawa" yake naijua. Si sawa yoyote.

Jumatano, 9 Oktoba

Wanasema kitaingia mjini leo jioni. Mama watoto kapiga saa kumi. Sauti inakatika. Nimemsikia akisema upepo unapuliza kwenye bati kama mluzi na mdogo anacheka. Akaanza neno jingine – "Kaka yangu ame–" – simu ikakata. Nimempigia mimi mara sita.

Chumba hiki hakina hata tawi la kusikia upepo. Huku kimya kabisa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Simu yake haipatikani. Ya jirani haipatikani. Ya mwenye duka la kona haipatikani.

Fundi umeme kanionyesha picha kwenye simu yake. Bati zimejikunja kama karatasi ya peremende. Barabara ni mto. Mji ni wetu, niliitambua benki, lakini mtaa gani huo mwingine? Maji hayana anwani.

Halafu – nikakumbuka! Redio ya kwetu inapatikana kwenye simu, kwa intaneti. Nikaitafuta. Inapiga! Muziki, wazi kabisa, hata kukwaruza hakuna! Nikapiga kelele hadi wa ghorofa ya tatu wakachungulia. Mji upo! Mji ungekuwa umekufa, nani angekuwa anapiga muziki? Mtu amekaa pale studio, kavaa shati kavu, anachagua nyimbo. Anachagua vibaya, kama kawaida yao, lakini anachagua.

Hata wimbo wa shemeji umepita. Sikupunguza sauti. Nimepiga lipu ukuta mzima wa ngazi kwa furaha.

Nimemwambia kila mtu. Hata dada yangu, aliyekuwa analia kwenye simu. Nikamwambia nyamaza wewe, sikiliza redio.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bado haipatikani. Redio inapiga.

Saa ya chai lori la mbao lilikuwa linaelekea kwetu. Wenzangu watatu wa kule wamepanda. Mmoja ni msuka nondo, yule wa kufunga vyuma vya zege, mtu mzima, haongei ovyo. Kanishika bega: "Panda, ndugu. Nafasi ipo."

Nikamwambia msimamizi anataka ukumbi uishe Jumanne, na atakayeondoka ameondoka moja kwa moja, hana pa kurudi. Ni kweli kasema hivyo. Lakini haikuwa sababu. Nilimwambia pia, redio inapiga, mambo si mabaya hivyo.

Kaniangalia kama anaangalia ukuta uliopinda. "Redio si mke wako."

Nikamjibu, wewe nenda ukalie mapema. Ndivyo nilivyosema, kwa mtu anayekwenda kutafuta mama yake. Lori likaondoka. Nimebaki na waya masikioni.

Nyimbo, tangu jana: tatu nzuri. Nyingine ni njoo njoo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijui niandikeje.

Asubuhi nilichanganya saruji wimbo wa shemeji ulipoanza. Sikukusudia, ilitokea tu. Nyimbo kumi na moja, ndoo ikaisha. Wa tisa ulikuwa wa yule binti anayeimba na mbwa akibweka nyuma, upuuzi mtupu, nani aliruhusu mbwa? Nikaendelea.

Baada ya chakula nikachanganya ndoo nyingine. Wimbo wa shemeji tena. Nikacheka, nikasema leo wamempenda. Nikahesabu. Wa pili ule ule wa asubuhi. Wa tatu ule ule. Nikaacha kupaka, nikawa nasikiliza tu. Wa nane. Nikajisemea, usiwe mbwa. Tafadhali, usiwe mbwa.

Mbwa.

Wimbo mbaya una faida yake, hausahauliki. Nyimbo nzuri zingepita mara kumi nisingejua.

Nikaenda kwa fundi umeme, yuko juu ya ngazi anavuta nyaya. Nikamwambia wanarudia mstari mzima wa nyimbo, ule ule, hawaachi hata mmoja. Akashuka. Akasikiliza kidogo. Akaniuliza, tangu Alhamisi umemsikia mtangazaji anayetaja siku? Saa? Neno lolote kuhusu kimbunga?

Hapana. Muziki tu.

Akasema taratibu, kama mtu anayekutoa mwiba: "Mzee, hapo hakuna mtu. Ni mashine. Wanaipangia nyimbo, wakiondoka inazunguka yenyewe. Na mashine yenyewe huenda haipo hata huko kwenu, iko mji mwingine kabisa. Studio inaweza kuwa imezama na muziki ukaendelea."

Nilikuwa na saruji ndooni. Sikurudi. Imekaza mle mle na mwiko ndani.

Siku mbili! Siku mbili nimekuwa nikichekelea mashine. Nimemnyamazisha dada yangu. Lori limeondoka. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nimedanganywa na nyimbo nisizozipenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Shemeji kapiga. Namba ngeni. Niliijua sauti kwa neno la kwanza.

"Shem, hujambo." Baada ya miaka miwili.

Watoto wawili wadogo wako kwake. Wazima. Aliandika namba yangu mkononi kwa kalamu, kapanda na baiskeli hadi kwenye kituo cha polisi chenye simu, kuna foleni nyuma yake, hana muda mrefu. Nikauliza, mama yao? Na mkubwa?

Akasema Jumatano alikwenda kuwachukua wote. Maji yalikuwa bado hayajaingia, yamefika barabarani tu. Mke wangu akampa wadogo. Yeye akakataa. Binti mkubwa akasema simwachi mama peke yake.

Nikapiga kelele: mbona hukumvuta? Wewe si kaka yake?

"Nilimvuta, shem. Nilimshika mkono hivi, nikamvuta hadi mlangoni. Akaniambia, mume wangu kasema tusitoke. Nikitoka nikaacha nyumba tupu ikaibiwa, nitamweleza nini? Nikamwambia mpigie basi umwulize tena. Akapiga. Ikakatika."

Hilo ndilo neno alilokuwa anaanza: kaka yangu amekuja.

Asubuhi yake shemeji alirudi. Maji yalikuwa juu ya dirisha. Nguzo zangu nane zimesimama, anasema, nyumba haijatikisika. Juu ya bati hapakuwa na mtu. Mtu mmoja aliyekuwa juu ya mti kasema mitumbwi ilipita alfajiri inaokoa watu walio juu ya mapaa, ikawapeleka ng'ambo ya mto. Mwingine kasema mitumbwi haikufika mtaa ule. Ng'ambo hakuna simu. Hakuna anayeandika majina. Shemeji kajaribu kuvuka mara mbili, karudishwa na maji. Kesho anajaribu tena.

Hakusema neno la sufuria. Nilimsubiri aliseme. Angelisema, ningetukana, ningepumua. Kasema tu, "Watoto wanakula, shem. Wanakuuliza."

Halafu zamu yake ikaisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Asubuhi nimekwenda kwa msimamizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimepanga na maneno. Kaniangalia, kasema, "Nilidhani uliondoka Ijumaa na wenzako. Wewe ulibaki kufanya nini?" Kasema nikirudi nafasi itakuwa imeshachukuliwa. Nikasema aichukue anayeitaka.

Fundi umeme kanipa pawabenki yake ya kuchajia simu, kaniwekea na mikate kwenye mfuko. Kauliza kama aniwekee nyimbo kwenye simu, safari ni ndefu. Akaona uso wangu. "Basi, mzee. Basi."

Sasa niko kituoni, ndani ya basi, naandikia magotini. Basi linajaza. Dereva anasema anaishia darajani. Daraja limechanika katikati, watu wanavushwa kwa kamba kwa zamu, ukubwa wa mzigo wanaamua wavushaji. Kutoka hapo ni mguu. Nimeacha zana zote isipokuwa kamba ndefu na nyundo.

Jirani yangu wa kiti, mama mmoja mwenye kitambaa cha kichwani cha kijani, kauliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa mke wangu. Kauliza yuko salama? Nikamwambia nilimwambia asitoke ndani. Ni mara ya kwanza nimelisema kwa mdomo. Kasogeza mfuko wake nikae vizuri.

Nimemwandikia ujumbe mama watoto. Nimefuta mara nne, shule yangu ilikuwa fupi na maneno haya hawakufundisha. Mwishowe nimeandika hivi: Usinisubiri nyumbani. Achana na nyumba. Nenda popote atakapokwambia kaka yako, mimi nimekosea.

Nimebonyeza. Haujafika. Kila nikiangalia, haujafika.

Dereva anawasha gari. Nimeuliza mara mbili kuhakikisha: darajani tutakuwa kesho jioni. Wakinivusha siku hiyo hiyo, kwa shemeji ni mwendo wa usiku na nusu ya asubuhi. Nawaona wadogo, nawaachia mikate, mimi na mjomba wao tunashuka mtoni pamoja. Ng'ambo nitafika Jumatano kabla jua halijazama. Foleni ya kamba ikiwa ndefu, Alhamisi.