Georgina Alivyokutana na Klaudia Melini

Asumpta, acha kupika kwanza! Klaudia kanipigia sasa hivi. Amekutana na Georgina. Ndani ya meli!

Georgina yule yule wa Kagoma. Wazazi wa Klaudia walipokufa kwa ukimwi, ndiye mama mdogo aliyemchukua, akawa anamlisha peke yake nyuma ya nyumba asije akawagusa wanawe.

Sasa Klaudia ndiye mkuu wa chumba cha watoto kwenye meli ya watalii. Georgina kaletwa matembezi na mwanawe wa Kanada, kamshika mkono mjukuu wa miaka mitano. Anataka huyo mtoto akae na binamu zake, kundi la miaka sita hadi minane.

Klaudia akakataa. Georgina akafoka kwa Kiingereza cha kuungaunga: "Unamtenga mtoto na ndugu zake? Una roho gani wewe?"

Hakumtambua, Asumpta. HAKUMTAMBUA!

Klaudia akamsalimu Kihaya: "Wasibota, waitu." Halafu akasema, "Ni mimi, Klaudia wa Rweyemamu."

Georgina akakaa kwenye kiti cha mtoto.

"Inuka, mama mdogo," Klaudia akamwambia. "Watu wazima hawaruhusiwi humu."

Georgina alipotoka, Klaudia kaufunga mlango polepole, ili auone uso wa mama yake mdogo hadi mwisho.