Kigoda cha Nyanya Kabibi

Jilore, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Ganze, na goti limekupa nafuu. Maji yamerudi bombani, au bado mnayafuata mbali? Sisi huku hatujambo, ila mimi nimechoshwa na watu.

Jana ilikuwa ile sherehe ya kumkumbuka mama yako, uliyoikosa kwa sababu ya goti. Nilidhani nitalia, nikaishia kusaga meno. Kile kigoda chake, alichokuwa akijibebea kwenye baraza la wazee enzi za wanawake kukaa chini na kunyamaza, wamekipaka vanishi, wakakivika shada la maua na kukiweka mbele. Wazee wakakaa vitini. Sisi wanawake tukatandikiwa mikeka huko nyuma, karibu na masufuria. Nilipouliza kulikoni, Mzee Kombe, mwenyekiti wa kamati, alinijibu kwamba viti havikutosha.

Na hotuba, sasa! Shemeji yangu Mwaringa aliwapiku wote. Alieleza jinsi Nyanya alivyokataa kurithiwa na shemeji yake kama mbuzi wa marehemu, kisha akazunguka hadi Bofa akiwatetea wajane wasifukuzwe mashambani na mabinti wasinyimwe shule. Akafuta machozi kwa leso. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mjinga mie.

Wageni walipoondoka, wazee wakaniita. Wakasema mwaka umetimia tangu mume wangu afariki, nyumba haikai bila mwanamume, kwa hiyo Mwaringa amekubali kunirithi. Amekubali! Mimi sijaulizwa. Nikikataa, nihame, niliache shamba nililolilima kwa mikono hii. Na leso yake ilikuwa haijakauka. Kweli nyani haoni kundule.

Sasa nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Nilikwenda mbele, nikaliondoa lile shada, nikakivuta kigoda hadi katikati yao, nikakikalia. Hapo ndipo nilipowaambia kwamba sirithiwi ng'o, na shambani sitoki. Mzee Kombe alipiga kelele kwamba nakivunjia heshima kigoda cha Nyanya.

Wameazimia kukuita Jumamosi uje uniombee radhi. Njoo, Mama, ila radhi usiombe. Ubebe na kigoda chako, maana hiki mimi siondoki juu yake, na viti, kama ujuavyo, havitoshi.

Nisalimie Baba na Vivian. Goti ulikande kwa maji moto. Safari ni ndefu.

Ni mimi mwanao,
Charity